Koja la Dhiraa Sita

Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa Masi wa kalenda yetu, saa tisa na dakika ishirini alasiri, basi namba kumi na nne kutoka mjini lilisimama kwenye kona ya Vennalur, mbele ya kibanda cha chai. Akateremka mwalimu wa hesabu. Akateremka mwanamke mwenye kuku wawili. Kisha akateremka Periyanayaki, mungu wetu wa kike, ambaye hakuwa ameonekana kijijini kwa miaka thelathini na tisa, na basi, lililokuwa limelalia upande wa kushoto tangu mjini, likanyooka.

Konda Ilango, mtu mzima mwenye masharubu na haraka zake, alimshikia mlango.

"Taratibu, mama. Ngazi ya mwisho iko juu." Kisha akawageukia waliokaa kibandani. "Huyu ni wenu?"

"Wetu," alijibu mwenye chai.

"Basi mwambieni wiki ijayo asikae kiti cha mbele. Kile ni cha wajawazito."

"Amelipa?"

"Wanawake hawalipi basi la mji siku hizi, hujui? Serikali ilisema wanawake wote. Haikusema wenye nyama tu."

Tiketi ya bure, ya rangi ya waridi, ilikuwa imebanwa kati ya vidole vya mkono wake wa kulia. Vidole hivyo vilikunjwa namna ile zamani za wafalme wetu wa Chola, na fundi aliyemchonga Mama, kama tunavyomwita, kwa nta kabla ya kummimina kwa shaba, ili vishike ua. Mkono wa kushoto unaning'inia tu, umelegea. Kimo chake kinafika kiunoni mwa mtu mzima. Pua na macho yamelika, kwa sababu kabla ya kuibwa alikuwa ameogeshwa maziwa na ndimu kwa karne tisa, na hakuna sura inayostahimili kupendwa hivyo bila kupungua kidogo.

Bibi Sornam, aliyekuwa kibandani akisuka yasmini kwenye nyuzi za mgomba, aliweka kazi chini. Hakupiga magoti. Alimwangalia Mama kuanzia utosini mpaka kwenye kitako, akanyoosha mkono wake hewani, kiwiko hadi ncha ya kidole, akapima.

"Koja lake ni dhiraa tatu na shibiri moja," alisema. "Ndiye."

Hakuna aliyebisha, maana kwa kipimo Sornam alikuwa hakimu. Baba yake alikuwa fundi wa makoja ya maua, na baba wa baba yake vilevile. Siku ya harusi yake mwenyewe alimsukia bwana harusi koja la dhiraa sita, likamshuka mpaka kwenye vifundo vya miguu, na bwana harusi yule alikuwa mrefu kuliko milango yote ya kijiji. Wanawake walimsema mwaka mzima. Walisema bibi harusi gani huyu, anavika mume au anavika mnazi.

Mume huyo, Marudamuthu, alikuwa mlinzi wa hekalu. Walikuwa wameoana miaka sita pale Sornam alipopeleka koja la Ijumaa kama kawaida, dhiraa tatu na shibiri, na koja badala ya kuishia juu ya vidole vya miguu vya Mama likakunjamana kwenye kitako. Mungu hapungui vidole vinne ndani ya wiki moja. Sornam akajua kwamba aliyesimama pale ni mwingine, kaletwa usiku kuziba nafasi.

Desturi yetu ni kwamba neno lolote la hekalu humfikia kwanza mwenye heshima ya kwanza, hata kabla ya kuhani, hata kabla ya mumeo. Mwenye heshima hiyo alikuwa mdhamini wa hekalu, mzee Vaithilingam. Sornam akaenda moja kwa moja barazani kwake. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akaagiza apewe maji, akamshukuru kwa kuwa na macho makali. Mlango wa hekalu ulikuwa haujavunjwa, na funguo zilikuwa mbili, mmoja kiunoni mwa mdhamini na mwingine kiunoni mwa mlinzi. Polisi walilifikiria jambo hilo kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kabla jua halijatua Marudamuthu alikuwa kituoni, na mwaka wa tatu wa kifungo akafa kwa kifua.

Kuta za hekalu letu zimeandikwa toka zamani: nani alitoa kondoo ili samli yao iwashe taa za Mama, nani alitoa shamba. Vaithilingam alimleta fundi mawe, akachonga mstari mmoja zaidi, nje kabisa kando ya lango, chini, usawa wa kiuno: Mama aliibwa na mlinzi Marudamuthu. Watoto wetu walijifunzia kusoma hapo, maana ndiyo maandishi pekee ya ukutani ambayo herufi zake ni za siku hizi. Makoja ya Sornam yaliendelea kupokelewa langoni kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuyasuka. Yeye mwenyewe hakuruhusiwa tena kuvuka kizingiti. Alikuwa anataka kitu kimoja tu duniani, mstari ule ufutwe, na alikuwa amekitaka kwa sauti ileile kwa miaka thelathini na tisa.

Kwa hiyo Mama alipoteremka kwenye basi, Sornam alichukua kikapu chake na kumfuata.

Miguu ya Mama imeungana na kitako, hatembei kama sisi. Anasogea kama mtu anavyosogeza kabati peke yake, pembe moja mbele, kisha pembe ya pili. Kuhani Somaskandan alikuwa amekwisha kukimbia kutafuta maziwa, manjano, maji ya madafu na sandali iliyosagwa, na mpiga ngoma alikuwa anakaza ngozi. Lakini kwenye njia panda Mama hakunyoosha kwenda hekaluni. Alikata kulia, akapita nyuma ya bwawa la mayungiyungi, akaenda kusimama mbele ya ghala la mpunga la Rajamanickam, mwana wa marehemu Vaithilingam na mrithi wa heshima yake. Akageuza uso mlangoni. Akatulia.

"Amepotea," alisema kuhani alipofika na ndoo yake. "Miaka thelathini na tisa ni mingi."

"Njia ya hekaluni ni moja na imenyooka," alisema Sornam. "Hata kipofu haipotezi."

"Sasa dada, anataka nini kwenye ghala la watu?"

"Mlango ufunguliwe. Mtu akisimama mbele ya mlango anataka nini kingine?"

Mke wa Rajamanickam alitoa kichwa dirishani. "Mzee hayupo," alisema. "Kaenda mjini." Chini ya pazia la chumba cha mbele miguu ya mzee ilionekana vizuri sana, na kidole gumba kimoja kilikuwa kinajikuna kwenye kingine. Sisi sote tuliitazama.

Mama alisimama mpaka saa kumi na moja. Maziwa yakaanza kuganda. Kisha akageuka, pembe kwa pembe, akarudi kwenye kona, na saa kumi na moja na nusu basi likamchukua. Safari hii alikaa nyuma.

Alikokuwa anarudi ni bohari ya serikali mjini, kilomita ishirini na mbili kutoka kwetu. Kabla ya hapo alikuwa amekaa miaka mingi katika nyumba ya makumbusho ya nchi moja ya baridi, ndani ya kioo, bila kuogeshwa hata mara moja. Nchi hiyo ilipoona haya ikamrudisha kwa ndege. Wakubwa walimpokea kwa makoja, wakapiga picha, wakampeleka bohari na kumfungia kwa kufuli tatu kwa ajili ya usalama wake. Hekalu la Vennalur, walisema, halina mlango wa chuma wala kamera. Tena yeye ni kielelezo katika kesi. Kesi haiwezi kwisha kwa sababu washtakiwa wote wamekufa, na haiwezi kufutwa kwa sababu mali imepatikana. Akafungwa kikaratasi shingoni, namba 417, akasimamishwa kati ya miungu mia sita wengine wanaosubiri kesi zao.

Jumatatu karani mkuu wa bohari, Bwana Anbalagan, alikuja kwa pikipiki akiwa na rejista kwapani. Alikuwa mwembamba, mpole, na mwenye hofu ya mabosi wake. Alikaa kwenye baraza ya Sornam, akanywa maji.

"Mama, Ijumaa saa nane mchana nafasi ya 417 ilikuwa tupu. Saa moja jioni ilikuwa na mtu. Kufuli hazijaguswa. Nani alizifungua?"

"Muulize yeye."

"Sanamu haihojiwi."

"Basi usiulize."

Bwana Anbalagan alipekua karatasi. "Hapa inaonekana wewe ni mjane wa Marudamuthu, yule aliyefungwa."

"Ndiye mimi."

"Na Ijumaa ulionekana ukifuatana na sanamu. Unaona jinsi jambo hili linavyoonekana?"

"Naona. Liliwahi kuonekana hivyohivyo." Sornam alivuta uzi, akafunga ua. "Nami nina la kwangu, kwa kuwa umekuja na kalamu. Kuna mstari ukutani, kando ya lango. Nataka ufutwe."

"Aa, hapo hapana. Ukuta ule una miaka mia tisa. Sheria ya mambo ya kale hairuhusu kufuta wala kukwangua."

"Mstari una miaka thelathini na tisa."

"Lakini uko kwenye ukuta wa miaka mia tisa, mama."

Sornam alimwangalia mpaka karani akainamisha macho kwenye rejista.

"Ukipata ushahidi kwamba alikuwa mtu mwingine," alisema Bwana Anbalagan polepole, "barua inaweza kuandikwa. Sisemi nini kitatokea. Nasema barua inaweza kuandikwa."

"Njoo Ijumaa," alisema Sornam. "Chukua na kipimo."

Ijumaa ya pili Mama alikuja na basi lilelile, akasimama mahali palepale, na mlango haukufunguliwa. Bwana Anbalagan aliandika saa ya kufika na saa ya kuondoka. Ijumaa ya tatu ilikuwa siku ya kuingiza mavuno. Trekta lilifika na magunia themanini, ya Rajamanickam na yetu, maana kijiji kizima huweka mpunga katika ghala lile, ndilo pekee lisiloingiwa na panya. Mama alikuwa mlangoni. Dereva alipiga honi mara moja kwa adabu. Mama hakusogea. Hakuna mtu aliyekuwa tayari kumsukuma, na angani kulikuwa na wingu jeusi linalokuja kutoka baharini.

"Fungua, mzee," alisema dereva. "Mvua haina heshima ya kwanza."

"Mwambieni apishe kwanza," alisema Rajamanickam, ambaye siku hiyo hakuwa ameenda mjini. Alikuwa mtu mfupi, mpana, mwenye sauti ya kubembeleza.

"Mwambie wewe," alisema Sornam. "Mimi nikimwambia mtasema nimemwiba."

Kuna mtu alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Wingu lilikuwa limefika juu ya minazi. Rajamanickam alitoa ufunguo kiunoni, akafungua.

Mama aliingia. Alipita kati ya mafungu ya magunia ya zamani, akazunguka mapipa, akaenda mpaka kona ya ndani ambako mwanga ni mdogo, akasimama, akazunguka nusu duara, na tukasikia mlio mfupi, kama kifuniko kinapokaa barabara kwenye sufuria yake. Kwenye sakafu ya chokaa palikuwa na alama iliyozama: mraba, na kuuzunguka mraba petali za yungiyungi. Kitako cha Mama kiliingia humo bila kubakiza nafasi ya kupitisha ukucha. Bwana Anbalagan alipiga magoti na kipimo chake, akapima pande zote nne mara mbili.

Fundi aliyemwaga sakafu ile alikuwa miongoni mwetu, mzee sasa, anatembelea fimbo.

"Nilimwaga mwezi wa Panguni, mwaka ule wa wizi," alisema. "Marehemu Vaithilingam alinikataza kona hiyo. Alisema nisiingie huko kabla haijakauka. Nilidhani ana nyoka."

Mvua ilianza juu ya bati. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Vaithilingam ilikuwa imefika miaka thelathini na tisa, na kila mmoja wetu aliona inapoishia. Sornam alisimama mlangoni, mikono imelowa, akimtazama Rajamanickam.

"Sema," alimwambia.

Rajamanickam alijifuta uso kwa ncha ya shuka yake. Kisha akasema kwa sauti ya kubembeleza:

"Baba alijua wezi wanakuja. Alimleta Mama hapa ili amlinde."

"Kwa nini hakusema?"

"Mlinzi mzuri hasemi, dada."

"Na nchi za baridi alifikaje?"

"Hilo baba hakunieleza. Labda wezi walivunja hapa pia."

"Na mume wangu?"

"Hilo lilikuwa la polisi. Sisi nyumbani tulimsikitikia sana."

Tuliyasikia maneno hayo, na tulijua ni ya kijinga, hata mtoto angeyatoboa kwa kidole. Lakini mpunga wetu sote ulikuwa juu ya trekta, mvua inanyesha, na mlango ulikuwa wa Rajamanickam. Mwenye chai ndiye wa kwanza kutikisa kichwa kwa kukubali. "Mzee alikuwa mcha Mungu," alisema. Wengine wakatikisa. Kisha tukaanza kubeba magunia. Naona aibu kusimulia hapa, lakini ndivyo ilivyokuwa, tulimzunguka Sornam kama maji yanavyozunguka jiwe, tukipeleka mpunga wetu pakavu.

Alipokwisha kuonyesha alichokuja kuonyesha, Mama alitoka akaenda hekaluni, na kuhani akamwogesha. Alimwaga maziwa, manjano, maji ya madafu, na kila kilichomwagwa kilichuruzika cheusi mara tatu kabla ya kuwa safi, kwa sababu ya nta aliyopakwa huko makumbusho. Sornam aliangalia kutoka nje ya lango. Koja lake lilipokelewa kizingitini likapelekwa ndani, na liliishia juu kidogo ya vidole vya miguu.

Barua ziliandikwa, kama Bwana Anbalagan alivyoahidi. Majibu yalikuja baada ya wiki tatu, mawili katika bahasha moja.

La kwanza lilimhusu Mama. Baada ya kuzingatia mazingira yote, kielelezo namba 417 kiliruhusiwa kutoka bohari kila Ijumaa, saa nane mchana hadi saa moja jioni, kwa usafiri wa umma, mradi kisichelewe. Kuhusu kurudi nyumbani kabisa, hekalu bado halikuwa na mlango wa chuma.

La pili lilimhusu Sornam. Alama ya sakafuni ilithibitishwa. Ilionekana kwamba marehemu mdhamini alikuwa amemhifadhi kwa nia njema, na marehemu hashtakiwi. Hukumu ya Marudamuthu ingeweza kuangaliwa upya iwapo mfungwa mwenyewe angeomba, kwa mkono wake, mbele ya hakimu. Mstari wa ukutani ulikuwa mali ya kale.

"Nasikitika, mama," alisema Bwana Anbalagan, na kweli alikuwa anasikitika. Alikuwa amekuja kuisoma barua mwenyewe, ingawa angeweza kuituma.

"Sikitika uandike nyingine," alisema Sornam. "Karatasi ninayo."

Rajamanickam naye hakulala. Kabla ya mwezi kwisha ghala lilipakwa michirizi ya nyekundu na nyeupe kama ukuta wa hekalu, na juu ya mlango likatundikwa bango: Hapa ndipo Mama Alipopumzika. Alama ya sakafuni ilizungushiwa kamba, ikawekewa taa. Watu wa vijiji vya jirani walikuja kuiona, wakapewa wali wa ukwaju kwenye majani ya mgomba, wakamsifu baba yake. Msafara wa harusi ya Mama, ilikubaliwa, utasimama mbele ya ghala kwanza.

Harusi hiyo huwa mwezi wa Panguni, unaofuata Masi, siku ya mwezi mpevu. Kila mwaka Mama huolewa upya na bwana wake, Shiva wa shaba, ambaye wezi walimwacha kwa sababu ni mzito. Miaka thelathini na tisa bwana huyo alikuwa ameozwa chungu cha shaba chenye nazi mdomoni, kwa kuwa lazima aozwe, na hakuwahi kulalamika. Mwaka huu mwezi mpevu uliangukia Ijumaa.

Kuhani alikuja kwa Sornam siku mbili kabla. "Makoja matatu, dada. La Mama, la bwana wake, na la heshima ya kwanza." La heshima ya kwanza huwekwa miguuni pa Mama wakati wa ndoa, kisha kabla mtu mwingine hajagusa hata petali, huvikwa mdhamini mbele ya kijiji kizima. "Vipimo unavijua."

"Navijua."

"La mdhamini dhiraa nne. Si mrefu, yule."

"Navijua vipimo," alisema Sornam.

Alianza alfajiri, yasmini na mrehani na waridi jekundu kila baada ya shibiri. Alisuka siku nzima bila kula, uzi wa mgomba umebanwa kwenye kidole cha mguu, akipima kwa mkono uleule aliopimia siku ya harusi yake. Mkono umekonda, lakini mfupa haujafupika.

Mama alifika na basi la saa tisa na ishirini. Alipelekwa ghalani, akasimamishwa mbele ya bango, akaimbiwa. Alikubali kama mtu anavyokubali kupimwa homa. Hekaluni aliogeshwa, akavikwa hariri ya kijani, akakalishwa kwenye bembea na bwana wake. Chungu kiliwekwa pembeni. Kuhani alifunga uzi wa ndoa, ngoma zikapigwa kwa nguvu ili neno baya lolote lisisikike wakati huo, na sisi tukawarushia mchele. Wanawake wengine walilia. Ilikuwa harusi nzuri.

Kisha Rajamanickam alisogea mbele, tumbo wazi, shuka mpya. Kuhani alimfunga kitambaa cha hariri kichwani. Aliinua koja kutoka miguuni pa Mama, na akaendelea kuinua, na koja likaendelea kuja. Alimvika. Koja lilishuka kifuani, likashuka magotini, likapita vifundo, na kipande chake cha mwisho kikalala juu ya mawe, na waridi moja likaviringika.

Ngoma zilinyamaza. Tulitazama maua yale chini. Kila mwenye nywele nyeupe aliyekuwepo alikuwa amewahi kuliona koja hilo.

"Dhiraa sita," alisema mwanamke mmoja mzee, si kwa sauti kubwa.

Mara ya kwanza koja la Sornam lilipokunjamana, kijiji kizima kilikubali kwamba aliyesimama pale siye. Sasa lilikuwa limekunjamana tena. Kuhani aligeuka kuelekea lango, ambako Sornam alikuwa amesimama upande wake wa kizingiti.

"Kipimo kimekosewa, dada."

"Hakijakosewa," alisema Sornam. Sauti yake ilikuwa wazi na ilifika kila kona. "Koja ni la mwenyewe. Huyo ndiye siye."

Tulingoja mtu aseme. Fundi wa sakafu alifungua mdomo, akatazama wanawe, akaufunga. Mwenye chai alikuwa anakagua ukucha wake. Rajamanickam alisimama kitambo, shingo imelemewa. Kisha akainama, akakusanya maua yaliyozidi mikononi, kama mwanamke anavyokusanya nguo kamba zinapokatika, akapiga hatua. Alikanyaga ncha. Alijikwaa, akajiweka sawa, akaendelea mbele, na mpiga ngoma akaanza tena kwa sababu hakujua la kufanya lingine. Wali wa sukari guru ukagawiwa. Heshima ya kwanza ikawa imetolewa.

Mama alishuka kwenye bembea peke yake. Alipita katikati yetu, hariri ikiburura, akavuka kizingiti, akatoka nje langoni. Hapo akageuka, akarudi nyuma pembe kwa pembe mpaka mgongo wake ukagusa ukuta. Ana kimo cha kiuno. Mstari wa Marudamuthu ukawa nyuma yake wote, kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho.

Sornam alikaa chini kando yake. Alichomoa yungiyungi la buluu kikapuni, akalibana kati ya vile vidole mahali pa tiketi. Walikaa hivyo mpaka saa kumi na moja na robo, na kwa muda huo mtu aliyeingia na kutoka hekaluni hakuwa na la kusoma.

Ndivyo inavyokuwa kila Ijumaa siku hizi. Watoto wamezoea, walimu wamezoea, na Bwana Anbalagan ameandika safu yake maalum katika rejista. Mama anaoga, anakwenda ukutani, anasimama. Saa ikifika Sornam anachukua kikapu na bahasha yake ya barua, wanakwenda pamoja mpaka kwenye kona, na wanapanda pamoja, kwa sababu ofisi ya mjini hupokea barua za Ijumaa hadi saa moja jioni na Sornam hapendi kuzituma.

Siku ya harusi ile Ilango alikuwa na haraka zake kama kawaida.

"Wangapi, bibi?"

"Wawili."

"Mpaka mjini?"

"Mpaka mjini. Na wiki ijayo, na ile nyingine."

Konda alichana tiketi mbili za waridi. Mama alikaa nyuma, Sornam ubavuni mwake, na basi likalalia kushoto. Lilipokata kona, mstari ukutani ulikuwa unasomeka tena.